Umejikata? Usikimbilie Kupaka: Mwongozo Kamili wa Kuhudumia Jeraha Nyumbani

Swali hurudi kwa sura ileile: "Nilijikata, nikapaka kitu nilichoambiwa, leo siku ya tatu kidonda kimevimba na kinanuka. Nipake nini sasa?" Anayeuliza anakiri kwamba dawa ya kwanza imeshindwa, ila bado anatafuta ya pili ya kupaka. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Mwongozo huu unaliweka kando swali la kupaka, unashughulika na kazi nne zenye maana: kuzuia damu, kuosha, kufunika na kukagua. Unahusu mikato midogo, michubuko na mikwaruzo. Majeraha ya moto, ya kuumwa na mnyama na ya kitu chenye ncha kali yana sehemu yake baada ya hatua zote. Kama tayari umeshapaka kitu, nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho.

## Vitu vya kuandaa

- Maji yanayofaa kunywa, lita 2 hivi. Kama huna uhakika nayo, yachemshe yatokote kwa dakika moja, yafunike, yapoe kabisa.
- Chupa safi ya plastiki yenye kifuniko, na sindano ya kushonea ya kukitobolea.
- Sabuni ya kawaida.
- Shashi zilizofungwa kwenye pakiti zake. Usipozipata, kitambaa safi kilichofuliwa na kupigwa pasi ya moto.
- Bandeji, plasta na utepe wa kubandikia.
- Glavu. Ukizikosa, vaa mfuko safi wa plastiki mkononi.
- Kibano cha kutolea vijiti na vijiwe, na spiriti ya kukifutia.
- Petroliamu jeli isiyo na manukato, ya tyubu au ya kopo ambalo bado halijachovywa vidole vya watu wote wa nyumbani.
- Kalamu ya wino.

Pamba sikuisahau, nimeiacha makusudi. Nyuzi zake hunasa kwenye jeraha bichi, na kuzibandua siku ya pili ni kulichubua upya.

Weka vitu hivi kwenye kopo moja lenye kifuniko, mahali kila mkubwa wa nyumba anapajua. Wengi hufikia majivu kwa sababu majivu yako karibu na shashi haijulikani iliko.

## Kabla ya yote: je, jeraha hili ni la nyumbani?

Liangalie vizuri, kisha uamue. Usihangaike nalo nyumbani, nenda kituo cha afya au hospitali, ukiona mojawapo ya haya:

- damu inaruka kwa mapigo, au haikomi baada ya kukandamizwa ipasavyo;
- jeraha ni refu kwenda chini, kingo zimeachana, au unaona mafuta ya chini ya ngozi, msuli au mfupa;
- kidole hakikunji au hakikunjuki, au ngozi iliyo mbele ya jeraha imekufa ganzi;
- kuna kitu kimechoma na kubaki ndani;
- jeraha liko usoni, karibu na jicho, sehemu za siri au juu ya kiungo;
- mwenye jeraha ana kisukari, kinga yake ni dhaifu, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Kitu kilichochoma na kubaki usikichomoe. Mara nyingi ndicho kinachoziba mshipa. Kizungushie vitambaa pande zote kisitikisike, mpeleke mgonjwa hivyohivyo.

Mshono nao hufaa zaidi jeraha likiwa bichi. Anayesema "ngoja nione kesho" huwa amejifungia mlango wa kushonwa, kwa sababu vijidudu vikishazaliana ndani, mara nyingi daktari hukataa kulifunga jeraha na huliacha lipone wazi, polepole, na kovu pana.

## Hatua ya 1: Nawa mikono

Kwa maji na sabuni, hadi kwenye migongo ya mikono na chini ya kucha, kisha vaa glavu. Jeraha lililokatwa na kisu safi huweza kuchafuliwa zaidi na mkono wa msaidizi kuliko na kisu chenyewe. Ikiwa damu inatoka kwa wingi, ruka hatua hii, kandamiza kwanza.

## Hatua ya 2: Zuia damu

Weka shashi au kitambaa safi juu ya jeraha, kandamiza kwa kiganja, kwa nguvu, dakika 10 kamili ukitazama saa. Mkono au mguu ulioumia uinue juu kidogo ya usawa wa moyo.

Kosa la kila siku ni kuchungulia. Kila ukiinua kitambaa unang'oa bonge la damu lililoanza kuziba mshipa, na hesabu inaanza upya. Damu ikilowanisha kitambaa, ongeza kingine juu yake bila kutoa cha chini.

Usiweke unga wa kahawa, tumbaku, majani yaliyotafunwa wala utando wa buibui. Ni kweli kwamba unga hunyonya damu na kutengeneza tope linaloziba, ndiyo maana huonekana umefanya kazi. Tope hilo linabaki ndani ya jeraha, chembe kwa chembe, na mtu wa kulitoa hatakuwa yule aliyeliweka.

Utajua umefaulu pale utakapoinua kitambaa baada ya dakika 10 ukakuta damu imekoma au inachuruzika kidogo tu. Bado inatiririka? Kandamiza tena, safari hii mkiwa njiani kwenda hospitali.

## Hatua ya 3: Osha, osha, osha

Hii ndiyo hatua inayoamua mengi, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Watu humwagia kikombe kimoja cha maji, wanaridhika, kisha wanatumia nusu saa kutafuta dawa. Igeuze hesabu hiyo.

Bakteria hawaliharibu jeraha kwa kupita tu juu yake. Wanahitaji muda wa kung'ang'ania na kuzaliana, na wanapenda uchafu, damu iliyoganda na nyama iliyokufa. Maji yanayotiririka huwaondoa wao pamoja na makazi yao. Kwa jeraha la kawaida, maji ya bomba yanayofaa kunywa hufanya kazi hii sawa na maji ya chumvi ya hospitali.

1. Toboa kifuniko cha chupa kwa sindano iliyopitishwa kwenye moto, jaza maji, funga. Ukiibinya unapata mchirizi wenye nguvu ya kutoa mchanga bila kuchana nyama. Bomba linalotiririka kwa kasi ya wastani nalo linafaa.
2. Elekeza mchirizi ndani ya jeraha, uchafu utoke kwa pembeni, usirudi ndani.
3. Kadiria mililita 50 hadi 100 za maji kwa kila sentimita ya urefu wa jeraha. Mkato wa sentimita 3 unakula hadi mililita 300, sawa na glasi iliyojaa. Lenye udongo au changarawe linahitaji zaidi; endelea dakika 5 hadi 10.
4. Sabuni itumie kwenye ngozi inayolizunguka. Kwa jeraha la kawaida usiisugue ndani.
5. Kijiwe au kijiti kilicho juujuu kitoe kwa kibano ulichokiosha na kukifuta kwa spiriti. Kilichozama kiachie wahudumu wa afya.
6. Kausha ngozi ya pembeni kwa kugusagusa na shashi. Ndani usifute.

Mchubuko wa mtu aliyeburuzwa barabarani una ugumu wake. Chembe nyeusi zikiachwa ndani, ngozi huota juu yake na kubaki na madoa kama chale. Ukiona maji hayazitoi, mpeleke mahali watakapomtia ganzi wazisugue.

Utajua umefaulu ukiona sakafu ya jeraha: nyekundu au ya waridi, bila mchanga, majani wala uzi. Kama huioni, bado hujamaliza.

## Hatua ya 4: Zuia mkono wako usipake

Hapa ndipo jirani anapofika na ushauri. Sababu ya ushauri huo kudumu ni rahisi: mkato mdogo hufunga wenyewe, upake usipake. Aliyepaka majivu akapona huyasifu majivu. Aliyepaka majivu akakatwa kidole husema ni bahati mbaya. Lakini kutakucha hata jogoo asipowika.

Tuvipitie vinavyotumika zaidi, kimoja kimoja, na sababu zake.

Udongo na kinyesi cha mnyama. Hivi naviweka mwanzo kwa sababu huua. Humo ndimo hukaa mbegu za bakteria wa pepopunda, ambazo hustahimili ukavu, jua, hata maji yaliyochemka kwa dakika kadhaa. Hupenda mahali pasipofika hewa, na jeraha lililozibwa kwa tope ndiyo nyumba wanayoitafuta.

Majivu. Watu huyaona safi kwa kuwa yametoka motoni. Yakikutana na majimaji ya jeraha hutoa magadi makali, na magadi huunguza nyama. Pia hayakai mekoni peke yake: yamekanyagwa, yamechanganyika na vumbi, kuku wameyachakura.

Dawa ya meno, ambayo hupakwa palipoungua. Ina chembe za kusugulia na mafuta ya mnanaa. Ubaridi unaousikia ni mnanaa unaoidanganya mishipa ya fahamu. Joto la kuungua liko palepale, limefunikwa. Ikikauka hugeuka gamba jeupe gumu lililoshika ngozi ya malengelenge. Muuguzi anapoliloweka na kulitoa, ngozi hutoka nalo, mgonjwa analia, na yote hayo ni kabla hata kina cha jeraha hakijajulikana.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi. Zinauzwa dukani, kwa hiyo hazishukiwi. Zinaua vijidudu kweli, tatizo ni kwamba haziwachagui. Chembechembe za mwili zinazojenga nyama mpya hufa pamoja nao. Lile povu la peroksaidi ambalo watu hulifurahia si kilio cha vijidudu. Ni oksijeni inayotoka pale dawa inapokutana na kimeng'enya kilichomo kwenye damu na nyama yako mwenyewe, na ingetoa povu hata kama jeraha halina bakteria. Kuwasha nako si ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Spiriti ni ya kibano na ya ngozi nzima.

Mafuta ya taa, mafuta ya breki, maji ya betri. Hizi ni kemikali za mashine. Mafuta ya taa huyeyusha mafuta ya asili ya ngozi na huunguza polepole, na mtu aliyeyapaka akisogea karibu na moto anaweza kuwaka. Maji ya betri ni tindikali, na sina la kuongeza hapo.

Unga wa kapsuli. Hiki ndicho ninachokiona kibaya kwa namna ya pekee, kwa sababu kimevaa koti la hospitali. Mtu anafungua kapsuli ya antibayotiki ya rangi mbili, anamwaga unga kwenye kidonda, anajiona amejitibu kitaalamu. Unga huo ulitengenezwa uyeyuke tumboni na kusafiri kwenye damu. Juu ya kidonda huganda na majimaji ukawa ukoko mgumu wenye usaha chini yake. Unaweza kuleta mzio mkali kwa asiyepatana na penisilini. Na kwa kuwa dozi haieleweki, bakteria wanaobaki ni wale waliojifunza kuihimili.

Asali. Hapa lazima niwe wa haki. Asali hutumika hospitalini kwa baadhi ya vidonda na majeraha ya moto, lakini ni asali ya tiba, iliyopitishwa kwenye mionzi ya kuua mbegu za bakteria bila kuiharibu. Ya jikoni inaweza kuwa na mbegu hizo, pamoja na chavua, miguu ya nyuki na sukari ya mfanyabiashara. Kinachofaa kwenye tyubu ya hospitali hakihalalishi kilichomo kwenye chupa yako. Hoja hiyohiyo inahusu manjano, kitunguu saumu na mshubiri: kiini chake kuua bakteria kwenye maabara hakumaanishi kwamba kutwanga kwako kumeleta kiini hicho kwa kiwango salama. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi huweza kuiunguza hadi ikatoa malengelenge.

Mkojo, mate na ulimi wa mbwa. Mkojo una bakteria, hata wa mtu mzima wa afya. Kinywa, cha binadamu na cha mbwa, kina bakteria wengi zaidi, na baadhi yao wakiingia kwenye damu ni hatari.

Dawa za rangi. Ile ya zambarau na nyinginezo zinazopaka rangi nzito huficha wekundu, na wekundu ndio utakaoutegemea katika hatua ya 7. Jeraha lisiloonekana halikaguliki.

Basi kinachobaki ni petroliamu jeli, safu nyembamba, iliyochotwa kwa kijiti safi au shashi. Haiui kitu. Inazuia jeraha lisikauke na shashi isigande, basi. Mafuta ya antibayotiki hayahitajiki kwa jeraha dogo lililooshwa vizuri; krimu zenye steroidi, zile za kung'arisha au kutibu muwasho, ziweke mbali kabisa kwani huchelewesha kupona.

## Hatua ya 5: Funika

"Liache lipigwe na hewa likauke" ni ushauri wa zamani uliopitwa. Ngozi mpya huota kwa chembechembe zinazotambaa kutoka kingoni kuelekea katikati. Jeraha likikauka, gamba gumu linazilazimisha kuchimba njia chini yake. Likiwa na unyevu kiasi, zinateleza juu. Ndiyo maana jeraha lililofunikwa hufunga mapema na kovu lake huwa dogo.

Weka shashi inayopita kingo za jeraha pande zote, ifunge kwa bandeji au utepe. Ifungwe imara bila kukaza. Kagua vidole vilivyo mbele ya bandeji: vikiwa baridi, vyeupe, vya bluu au vimekufa ganzi, legeza mara moja. Bonyeza ukucha hadi uwe mweupe kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi.

Usifunike kwa karatasi ya plastiki (kuungua kuna utaratibu wake, utaukuta mbele), jani, wala gundi ya kuunganishia vyombo. Wahudumu wa afya wana gundi yao ya ngozi. Ya fundi hutoa joto inaposhika na huacha uchafu uliofungiwa ndani.

## Hatua ya 6: Ulizia sindano ya pepopunda

Hata ukiosha vizuri kiasi gani, kuosha hakuchukui nafasi ya chanjo. Dalili za pepopunda kwa kawaida huanza siku 3 hadi 21 baada ya kuumia, wakati mwingine jeraha lenyewe limeshafunga: taya linakaza, shingo na mgongo vinapinda, misuli inakakamaa kwa mtetemo mdogo tu wa sauti au mguso. Aliyewahi kuugua akapona naye anahitaji chanjo, maana ugonjwa huu hauachi kinga.

Kwa aliyekamilisha dozi zake za awali, kanuni inayotumika ni hii: jeraha dogo na safi, pata dozi ya nyongeza kama imepita miaka 10 tangu ya mwisho; jeraha chafu au la kuchomwa, miaka 5. Usiyekumbuka, jihesabu hujachanjwa. Nenda mapema, ikiwezekana siku hiyohiyo. Na kama uliwahi kupaka udongo au kinyesi, jeraha lako limeshakuwa chafu, haijalishi lilianzaje.

## Hatua ya 7: Badilisha na ukague

Badilisha shashi kila siku, au mapema zaidi ikilowa au kuchafuka. Ikiganda, iloweke kwa maji safi dakika kadhaa hadi iachie yenyewe. Osha tena kwa maji, jeli kidogo, shashi mpya. Piga picha kwa simu kila unapofungua, kutoka umbali uleule. Macho husahau, picha hazisahau.

Siku 2 au 3 za mwanzo, wekundu mwembamba kingoni, uvimbe kidogo na majimaji mepesi ya rangi ya maji au njano ni vya kawaida. Mwili unafanya kazi. Baadaye utaona nyama nyekundu yenye punjepunje, kingo zikikaribiana, na muwasho. Utando mwembamba wa manjano kwenye sakafu ya jeraha si lazima uwe usaha. Wengi huusugua kwa nguvu na kulirudisha jeraha nyuma. Usaha ni mzito, una ukungu, mara nyingi unanuka.

Chora kwa kalamu mpaka wa wekundu au uvimbe, andika saa pembeni. Wekundu ukivuka mstari, huna haja ya kubishana na mtu: nenda hospitali. Kwa ngozi nyeusi wekundu unaweza kuonekana kama kahawia iliyokolea au zambarau, hivyo tumia mgongo wa mkono kupima joto, ulinganishe na upande wa pili wa mwili.

Nenda hospitali ukiona:

- maumivu yanaongezeka baada ya siku ya pili badala ya kupungua;
- wekundu au joto linatambaa, au kuna mstari unaopanda kutoka kwenye jeraha kuelekea kwapani au kinenani;
- usaha, harufu, homa au kutetemeka;
- maumivu makali kupita kiasi kulingana na jeraha linavyoonekana, au ngozi inabadilika kuwa nyeusi. Hapo usisubiri asubuhi;
- wiki 2 zimepita na jeraha halioneshi kupungua.

Utajua umefaulu picha ya leo ikiwa na jeraha dogo kuliko la juzi.

## Majeraha yenye utaratibu wake

### Kuungua

Vua pete, saa na nguo ambazo hazijagandana na ngozi. Peleka sehemu iliyoungua chini ya maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili. Hata kama saa 2 zimeshapita bado inasaidia. Mwisho wake ni kama saa 3. Joto huendelea kuunguza tabaka za chini baada ya moto kuzimwa, na maji ndiyo yanayolitoa. Mafuta ya kupikia, siagi, ute wa yai na dawa ya meno hulifunika libaki ndani. Barafu hubana mishipa na kuiumiza ngozi ambayo tayari ni mahututi.

Poza palipoungua, lakini mfunike mtu mwenyewe apate joto, hasa mtoto. Kisha laza juu ya jeraha karatasi nyembamba ya plastiki ya kufungia chakula, au kitambaa safi kisicho na manyoya. Laza tu, usizungushe. Malengelenge usiyapasue.

Hospitali ni lazima likiwa kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua pamoja na vidole vyake, likiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au juu ya kiungo, likiwa jeupe au limekauka bila maumivu, au limetokana na umeme au kemikali. Mtoto mdogo mpeleke kwa lolote lile.

### Kuumwa na mbwa, paka au mnyama wa porini

Hapa sabuni inaingia ndani ya jeraha. Osha kwa maji na sabuni dakika 15 bila kupunguza, kisha nenda ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata, ila chanjo ikitolewa kwa wakati huuzuia. Usipake pilipili, tumbaku, mafuta wala majani: huumiza nyama na, baya zaidi, humpa mtu imani kwamba ameshatibiwa. Alama ndogo ya jino isikudanganye.

Ngumi iliyogonga jino la mtu nayo ni jeraha la kung'atwa. Kitundu kidogo juu ya kifundo cha kidole huingiza bakteria wa kinywa kwenye kiungo chenyewe, kwa hiyo kionwe na daktari hata kama hakiumi.

### Nyoka

Hakuna kuchanja kwa wembe, kunyonya, kukaza kamba, kuweka jiwe jeusi wala shoti ya umeme. Kuchanja huongeza damu kutoka kwa mtu ambaye sumu huenda imeshaizuia damu yake isigande. Kamba hukata mzunguko hadi mguu uoze. Mtulize, asitembee, kifunge kiungo kwa gango kisicheze, vua pete na viatu, mkimbizeni hospitali.

### Msumari na mwiba mrefu

Tundu ni dogo, kina ni kirefu, hewa haifiki. Osha nje, usikorogekoroge ndani, usimimine mafuta ya moto. Chanjo ya pepopunda hapa haina mjadala. Ikiwa msumari ulipita kwenye soli ya kiatu, mwambie daktari, kwani kuna bakteria wanaokaa kwenye soli zenye unyevu na huweza kufika mfupani.

### Kitovu cha mtoto mchanga

Nacho ni jeraha. Kiachwe safi na kikavu, au kipakwe klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ukipewa na kituo cha afya kwa kazi hiyo. Majivu, udongo, kinyesi, mafuta na mate visikiguse. Mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri siku 2 za mwanzo, kisha akashindwa kunyonya na kukakamaa, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

## Kama tayari umeshapaka

Usipake kingine cha kuondoa cha kwanza. Fanya hivi kulingana na ulichoweka:

Dawa ya meno, siagi au yai kwenye jeraha la moto: kama bado uko ndani ya saa 3, weka chini ya maji yanayotiririka dakika 20, yaondoe yenyewe. Kilichogandana usikikwangue.

Mafuta ya taa, ya breki, maji ya betri: vua nguo zilizolowa, kaa mbali na moto, osha kwa maji mengi angalau dakika 20, kisha nenda hospitali.

Majivu, kahawa, tumbaku, udongo, kinyesi: osha kwa mchirizi wa chupa kama ilivyo hatua ya 3. Kinachobaki kimeshika, funika juu yake kwa shashi yenye unyevu, nenda kituo cha afya, ukaulizie chanjo.

Unga wa kapsuli: weka shashi iliyolowa maji safi dakika 10 hadi 15 ukoko ulainike, osha. Ukiona usaha chini yake, upele, uvimbe wa midomo au pumzi kubana, usimalizie nyumbani. Viwili vya mwisho ni vya dharura.

Gundi: usivute. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, na kama imefungia uchafu ndani wakuondolee wahudumu.

Ukifika kwa muuguzi, taja kila kitu ulichopaka, lini, na mara ngapi, ukichukua na pakiti au chupa yake kama ipo. Wengi huficha kwa kuogopa kukaripiwa, ikabidi mhudumu akisie ule ukoko mweusi ni nyama iliyokufa au ni kahawa. Tofauti ya hivyo viwili ni kati ya kuoshwa na kukatwa.